Barua ya malalamiko: Insulesheni ya dakti isiyofaa nyumba ya pwani

Malindi,
Juni 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: DAKTI ZINAZOVUJISHA MAJI NA INSULESHENI ISIYOFAA

Dakti za kiyoyozi mlichotufungia, yaani mifereji ya bati inayopitisha hewa baridi darini, zinadondosha maji, na insulesheni yake, yaani kifuniko cha kuzuia joto, haifai. Nimepokea ujumbe wenu wa wiki jana unaosema mtatuma fundi abadilishe bodi za jipsamu za dari zilizooza, apake rangi, kisha aongeze tabaka la pili la pamba ya kioo juu ya ile iliyopo kwenye dakti. Nawajibu mapema ili msimtume bure: sikubali. Kazi hiyo itaficha ubovu kwa msimu mmoja, na mwakani mwezi wa Machi tutakuwa palepale, mimi nikiwa na dari iliyooza kwa mara ya pili na nyinyi mkiwa mmetumia pesa bila faida.

Mlipokuja kupima nyumba yetu hapa Casuarina nilimweleza msimamizi wenu mambo mawili. La kwanza, nyumba iko karibu na bahari. La pili, mama yangu mzazi, ambaye ndiye hasa tuliyemtilia mtambo huu, ana pumu. Aliyaandika yote mawili mbele yangu. Kotesheni ilipokuja ilisema "insulesheni ya dakti" tu, bila kutaja ni ya aina gani, ya unene gani, wala viungo vyake vitazibwa kwa kitu gani. Nilipouliza nikaambiwa ni ile ya kawaida mnayoitumia kila mahali. Hapo ndipo lilipo lalamiko langu. Ya kawaida ya wapi? Kinachofaa mji mkavu wa bara si lazima kifae Malindi, na mwenye kujua tofauti hiyo alipaswa kuwa nyinyi, si mimi.

Upepo wa kaskazi ulipokatika na joto likatuama, madoa ya kahawia yalianza kuzunguka grili ya kutolea hewa ya sebuleni, kisha ya chumba cha mama. Baadaye maji yakawa yanadondoka kitandani kwake usiku. Harufu ya koga ikaenea nyumba nzima, na mama akarudi kwenye inhela aliyokuwa ameanza kuisahau. Sina cheti cha daktari kinachosema koga ndiyo sababu, na sitadai nisichoweza kukithibitisha. Lakini mtu yeyote aliyelea mgonjwa wa pumu anajua koga chumbani ina maana gani, na sasa mama analala chumba cha nje kisicho na ubaridi wowote, baada ya gharama yote ile.

Niliomba fundi wa mtaani, mtu mwenye uzoefu wa vyumba vya baridi vya samaki, apande nami darini. Alipochana foili, ile karatasi ya alumini inayofunika pamba, chini ya dakti kubwa, maji yalimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Pamba iliyotakiwa kuwa ya manjano ilikuwa imegeuka kijivu, na kwenye kona imeota koga nyeusi. Bati lenyewe limeanza kushika kutu, na kwa hewa yetu ya chumvi halitachukua muda mrefu kutoboka. Kila mahali palipopita mkanda wa kuning'inizia dakti, pamba ya milimita 25 imebanwa hata haifiki milimita 10. Viungo vya foili vimeshikizwa kwa pini za stepla, kisha vikafunikwa kwa selotepu ya kitambaa ya kijivu, ambayo tayari imebanduka na kuning'inia. Nimeambatanisha picha zote.

Kuhusu selotepu hiyo, haya si maoni yangu. Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, huko California, walizijaribu aina mbalimbali za kuzibia viungo vya dakti kwa kuzipitisha kwenye joto na baridi, na ile ya kitambaa ndiyo iliyoshindwa vibaya. Chini ya mabati, mahali ambapo joto la mchana hupita nyuzijoto 40, sioni ingewezaje kufanya vizuri zaidi.

Sasa nieleze kwa nini tabaka la pili la pamba halitasaidia, maana naona ofisini kwenu jambo hili linachukuliwa kama suala la unene peke yake. Hewa ya hapa kwetu ikiwa na nyuzijoto 31 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa maji ikigusa chochote chenye nyuzijoto 26 au chini yake. Hewa iliyomo ndani ya dakti zenu ina nyuzijoto 13 au 14. Bati la dakti basi ni gilasi ya maji ya barafu juu ya meza: litatoa jasho tu, ila hewa yenye unyevu ikizuiwa isilifikie. Pamba ya kioo haiwezi kuizuia. Pamba huzuia joto kwa ile hewa kavu iliyonaswa ndani yake, lakini mvuke hupenya humo kama hakuna kitu. Kinachozuia mvuke ni foili ya juu, nayo hufanya kazi ikiwa nzima tu, kila kiungo kimezibwa na hakuna tundu. Penye tundu, hata dogo, mvuke huingia, hugeuka maji juu ya bati, pamba huyanywa, na pamba iliyolowa haizuii joto tena. Foili ya nje nayo inazidi kuwa baridi na maji yanazidi kuongezeka. Mkiongeza pamba na foili juu ya hiyo iliyolowa mtakuwa mmeyafungia maji ndani, yasipate hata pa kukaukia.

Siikashifu pamba ya kioo yenyewe. Bei yake ni nafuu, haishiki moto kirahisi, na mwaka 2001 shirika la utafiti wa saratani la WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, liliiondoa kwenye orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani. Ikifungwa kwa uangalifu mahali pakavu hudumu. Lakini inamtaka fundi asikosee hata mara moja, na dari yangu imejaa kona, mikanda na matundu ya waya.

Ushahidi mkubwa zaidi mmeuacha wenyewe darini mwangu. Mabomba ya shaba yanayopitisha gesi ya kupozea kati ya mashine ya ndani na ya nje mmeyavika sponji nyeusi ya mpira, ile yenye vishimo vilivyofungika. Mabomba hayo ni baridi kuliko dakti, yamepita kwenye dari hiyohiyo, kwenye joto na unyevu uleule, na nilipoyashika yalikuwa makavu kabisa. Sponji hiyo haimtegemei mtu kuifunika foili. Yenyewe ndiyo kizuizi cha mvuke kuanzia juu hadi chini, na hata ikikwaruzwa maji hayasambai ndani yake. Ipo pia ya shiti za kufunikia dakti. Mnaijua, mnayo stoo, na mlichagua kutoitumia pale ilipohitajika zaidi. Najua ni ghali kuliko pamba. Mngeniambia ningelipa tofauti hiyo bila kunung'unika, lakini sikupewa nafasi ya kuchagua.

Msimamizi wenu aliniambia pia kwamba tatizo ni matumizi, ati nisiteremshe kidhibiti joto chini ya nyuzijoto 26. Mtambo uliouzwa kuleta ubaridi haupaswi kuharibu nyumba unapoleta ubaridi.

Ninachodai ni hiki. Pamba yote iliyolowa iondolewe na kupelekwa mbali na nyumba, isirundikwe uani. Dakti zikaushwe, zisafishwe, na kipande chochote chenye kutu kibadilishwe. Kabla ya kufunika chochote, viungo vya bati vizibwe kwa mastiki, ile gundi nzito ya kuzibia, kwa sababu hewa inayovuja chini ya insulesheni huibandua hata ikiwa nzuri namna gani, tena huvujisha stima ninayoilipia. Kisha zivikwe sponji ya mpira isiyopungua unene wa milimita 32, viungo vyake vigandishwe kwa gundi yake yenyewe, na kila penye mkanda pawekwe kipande kigumu cha kubeba uzito ili sponji isibanwe. Kwa kuwa mpira si kama pamba mbele ya moto, nataka kuona karatasi ya majaribio ya moto ya sponji mtakayoleta, kwa kipimo cha Uingereza cha BS 476, kabla haijapanda darini. Ndani ya dakti msitie kitambaa wala pamba ya aina yoyote, kwa ajili ya kifua cha mama. Jipsamu na rangi ziwe za mwisho, na gharama yote iwe juu yenu.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaoridhisha, haki ya kupewa maelezo anayohitaji, haki ya kulindwa afya yake, na haki ya fidia kwa hasara aliyopata. Ipo pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Dai langu halifiki shilingi milioni moja, kwa hiyo linaingia kwenye Mahakama ya Madai Madogo, wala sihitaji wakili kulifikisha huko. Ningependelea tusifike huko, kwa sababu mafundi wenu walionifungia mashine yenyewe walifanya kazi safi na mtambo unafanya kazi vizuri.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, likitaja aina ya insulesheni, unene wake na tarehe ya kuanza kazi. Anayekuja kukagua apige simu kwanza, nimwandalie ngazi na taa. Pamoja na picha nimeambatanisha nakala za kotesheni, risiti na waranti.

Wenu,
Mteja, Casuarina, Malindi