Mgonjwa akitoka hospitali apewe maelezo ya kupona, si dawa peke yake

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleykum, na wasiokuwa Waislamu nawasalimu pia. Naomba nafasi niseme na madaktari na wakuu wa hospitali za hapa Mombasa juu ya jambo moja tu, nalo ni maelezo ya kupona. Yaani mgonjwa ashatibiwa, ashaambiwa nenda nyumbani, haya huko nyumbani aishi vipi mpaka nguvu zimrudie? Hapo ndipo watu wanapoachwa.

Mjomba wangu alipasuliwa henia, hospitali siitaji maana mambo haya yako kila pahali. Kazi ya kisu ilikuwa safi mashallah, sina neno na aliyempasua. Lakini karatasi aliyotoka nayo ina majina ya dawa, na chini imeandikwa TCA 2/52, basi. Maana yake arudi baada ya wiki mbili, lakini nani hapa Majengo ajua kusoma hayo? Nyumbani kila mtu akawa daktari. Shangazi asema asiinuke kitandani kabisa, jirani asema atembee la sivyo damu itaganda miguuni (na huyu ndiye aliyekuwa na haki, kutembea pole pole mapema ndiko kunakotakiwa), mwengine kaja na halwa, mwengine na supu ya pweza, na wageni mpaka saa nne usiku mgonjwa hapati hata kulala. Na kwetu maji huja usiku, mzee akasikia mfereji unatoa akaamka akabeba mtungi wa lita 20 mpaka jikoni, kwa sababu hakuna aliyemwambia asibebe kitu kizito. Mshono ukafunguka. Tukarudi hospitali, pesa nyengine, uchungu mwengine, kwa neno moja ambalo lingeandikwa kwa dakika moja.

Kinachoniuma zaidi ni kuwa zamani madaktari walikuwa wakilifanya hili tena kwa barua! Kulikuwa na daktari Uskoti akiitwa William Cullen, alizaliwa 1710 akafa 1790, alikuwa profesa Edinburgh, na watu wakimuandikia kutoka mbali wakimueleza maradhi yao naye akiwajibu kwa posta. Wengi hakuwahi kuwaona kwa macho. Barua zake ni maelfu na ziko mpaka leo kwa sababu alikuwa akiweka nakala, kwanza akinakiliwa kwa mkono, kisha akatumia mashine ya kunakilia ya James Watt, yule yule wa injini za mvuke. Sasa zimewekwa kwenye intaneti bure, mimi huzisoma kwa simu. Ukizisoma utashangaa jinsi dawa inavyochukua mistari michache na mwenendo ukachukua kurasa. Mgonjwa ale nyama gani na gani aiache, maziwa, avae nini wakati wa baridi, asikae na miguu iliyolowa, apande farasi au gari la farasi kidogo kidogo mpaka mwili uzoee, asijichoshe na mawazo ya kazi.

Uswizi nako alikuwepo Samuel-Auguste Tissot, mji wa Lausanne. Mwaka 1761 alitoa kitabu cha watu wa mashamba wasiokuwa na daktari karibu, na ndani yake akaweka maswali ambayo mgonjwa ayajibu akitaka kumuandikia daktari, ili barua iwe na faida. Barua za wagonjwa wake zaidi ya 1,000 bado zimehifadhiwa. Na kumbukeni hawa hawakuwa na kipimo cha damu wala eksirei, hata kile chombo cha kusikilizia kifua kilibuniwa 1816 na Laennec wa Ufaransa. Daktari alitegemea sana maneno ya mgonjwa, kwa hivyo alilazimika kusikiliza na yeye pia kueleza.

Sisemi turudi huko. Walikuwa wakitoa watu damu na kuwaharisha kwa dawa kali, wagonjwa wengi waliumizwa, na leo tuna antibayotiki ambazo Cullen hakuziota. Nasema ile sehemu ya kumueleza mtu aishi vipi isingetupwa pamoja na ujinga wa wakati ule.

Na wala si mambo ya Wazungu peke yao. Ile hesabu yao ya mambo yanayoshika afya ya mtu, yaani hewa, chakula na kinywaji, kulala na kuamka, kutembea na kupumzika, kinachotoka mwilini na kinachobaki, na hali ya moyo, Ibn Sina, yule tabibu mkubwa wa Kiislamu, alikuwa nayo karne nyingi kabla yao, na yeye alikufa 1037. Na kuna hadithi ya Ummul Mundhir, iko katika vitabu vya hadithi vya Abu Dawud na Tirmidhi, kuwa Mtume (S.A.W.) aliingia kwake pamoja na Sayyidna Ali ambaye ndio kwanza atoka ugonjwani, Ali akataka kula tende zilizotundikwa, Mtume akamzuia akamwambia wewe bado u dhaifu, kisha ilipopikwa mboga na shayiri akamwambia kula hiki ndicho kitakachokufaa. Wapwani wenyewe twajua pia, mzazi akijifungua hukaa arubaini yake, ana uji wake wa pilipili manga, ana mtu wa kumkanda, na wageni hupangwa. Mbona aliyetoka homa ya matumbo au operesheni hana mpango wowote?

Ninaloomba si kubwa. Karatasi moja ya Kiswahili, Kiswahili cha kueleweka, kila mgonjwa akitoka wodini: ale nini, asile nini, atembee kiasi gani, asibebe nini na kwa muda gani, aoge vipi na kidonda, kazini arudi lini, na dalili gani akiziona asingoje tarehe ya kurudi akimbilie hospitali. Nesi aisome pamoja na yule atakayemuuguza nyumbani, si mgonjwa peke yake ambaye bado ana usingizi wa dawa. Halafu kuwe na nambari moja ya simu ya wodi, mtu atume ujumbe ajibiwe siku hiyo hiyo. Najua manesi ni wachache na wamechoka wallahi, kwa hivyo karatasi zichapishwe mapema kwa kila aina ya operesheni na maradhi ya kawaida, kazi ya nesi ibaki kujaza jina na kuweka alama. Kaunti yaweza kuanza na wodi moja ya upasuaji, na sisi tunaouguza watu wetu tuulizwe nini hatukukielewa kabla hazijachapishwa nyingi.

Wasalaam,
Msomaji wako, Majengo, Mombasa