Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeko Maskati: ile mashine inazunguka

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa kwa sababu njia nyingine zote umezifunga. WhatsApp umenibloku, simu yangu hupokei, na salamu zako zinapitia kwa Mama kana kwamba mimi ni mpangaji wa chumba cha uani. Mama nimemweleza kwamba nitaandika. Akasema andika, lakini usimtukane mwenzio. Sitakutukana.

Mashine ya mvuke, ile ndogo niliyoanza kumuundia Baba, inazunguka. Hilo nilitaka ulijue kabla ya mengine.

Ilizunguka siku ya kumi na moja baada ya kumzika Baba, saa kumi jioni, wewe ukiwa umeondoka siku mbili kabla. Maji yalichukua dakika kumi na mbili kuchemka. Nikalisukuma gurudumu kwa kidole, likagoma. Nikalisukuma tena, likashika. Mama alikuwa anachambua dagaa mlangoni, akasimama na ungo wake mkononi, hakusema neno. Lile gurudumu alilijua, ni la cherehani yake ya mkono iliyokufa tukiwa shule ya msingi, ile uliyoivunja sindano ukanisingizia mimi.

Sasa yale ya siku ya khitma. Miaka mitatu nimejaribu kuyameza na hayamezeki.

Ulikaa karibu na nguzo, kanzu mpya, wazee wameshakula. Mjomba akauliza kwa wema tu, gharama za hospitali zilikwendaje. Ukajibu, "Muulizeni kaka, pesa za dawa za Baba kanunulia midoli." Mbele ya Mjomba. Mbele ya imamu. Mbele ya watoto wangu waliokuwa wanapitisha sahani. Mimi nilikuwa na birika la kunawishia, namnawisha yule mzee wa Kibirizi, hapa Kigoma, aliyekuwa akimletea Baba migebuka. Yule mzee alishamaliza kunawa zamani, mikono ameshaikung'uta, na mimi bado namimina. Maji yakalowesha mkeka mpaka akanishika mkono mwenyewe akasema, inatosha, mwanangu.

Midoli.

Ulituma laki nne. Ni kweli laki moja na arobaini ilinunua ile mashine ya kutoboa ya mezani, kwa fundi wa Mwanga aliyekuwa anafunga karakana yake. Sikukuambia. Hilo ni kosa langu, nimelikubali mbele ya Mama na nalikubali hapa. Lakini dawa za Baba hazikukosekana hata siku moja, risiti zote ziko kwenye daftari lenye jalada la bluu, na pengo lile nililiziba kwa kuuza baiskeli yangu. Baiskeli hukuiuliza. Ulipofika ulihesabu vilivyoongezeka uani, visivyokuwepo hukuviona.

Na aliyesema nunua ni Baba.

Wewe hukuwepo usiku alioanza kulisema. Alikuwa halali tena, anakaa kitandani ameegemea mto, ananiambia habari za Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika aliyoifanyia kazi ujanani. Zile zile za kila Idi. Meli imeundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaja kwa makreti mpaka Dar es Salaam, ikapanda reli kuja huku kwetu, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini mafundi wake wakazipaka mashine grisi nene kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mashine bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Akifika kwenye grisi alikuwa anashusha sauti, unakumbuka. "Mtu anayezamisha meli yake huku anaipaka grisi, huyo ni fundi." Sisi tulikuwa tunacheka kwa sababu tulishaijua sentensi inayofuata.

Usiku ule hakuniachia nicheke. Akanyoosha kiganja hewani, akakipeleka mbele na nyuma, akanionyesha walivyokuwa wakipima joto la beringi mashine ikiwa kwenye mwendo: unatandaza mkono, kichwa cha kranki kinapita kinakupapasa, kinaondoka. Ukichelewa kuutoa, mkono umekwenda. Alikuwa kijana wa kupaka mafuta, miaka ishirini na moja, na mwishoni mwa miaka ya 1970 mashine za mvuke za meli zilishang'olewa ikawekwa dizeli. "Dizeli inapiga kelele," aliniambia. "Ile ilikuwa inapumua. Nataka kuisikia mara moja tu." Ningemjibu nini, mdogo wangu? Ningemwambia subiri nimpigie aliyeko Maskati tuombe ruhusa?

Nikaanza na bushi ya shaba ya njano kutoka kwenye pampu ya maji iliyokufa, kipenyo cha ndani milimita kumi na sita. Hiyo ndiyo silinda. Pistoni nililipia ikakerezwa, kwa sababu mashine ya kukereza hatuna. Boila ni kipande cha bomba nene la shaba nyekundu la hita iliyotupwa, nikampelekea fundi friji azibe ncha zake kwa lehemu ya fedha. Lehemu ya risasi ningeweza kuipiga mwenyewe bure, lakini maji yakipungua boilani hiyo huyeyuka, na watoto wako pale. Valvu ya usalama ni gololi ya beringi na springi. Boila nikaijaza maji baridi pomoni, nikaisukuma kwa pampu ya mkono yenye geji mara mbili ya nguvu itakayofanyia kazi, maana maji baridi boila ikipasuka yanavuja tu, hayaui mtu. Nakueleza haya ujue kwamba mtu anayechezea midoli hafanyi hivi.

Silinda yenyewe inayumba, kushoto na kulia, na kwa kuyumba huko tundu lake linakutana na tundu la mvuke, kisha na tundu la kutolea, kwenye kibao cha shaba kilicho nyuma yake. Matundu ya milimita mbili. Ukikosea nusu milimita haizunguki. Kwa keekee ya mkono niliharibu vibao vitatu vya shaba, ndipo Baba akasema tafuta mashine inayosimama wima, pesa hizo hapo. Ndiyo ile laki moja na arobaini.

Kila jioni namletea silinda kitandani, imefungwa kwenye kibao chake. Anaziba tundu la mvuke la kibao kwa kidole gumba, anaivuta pistoni, anaiachia. Ikiwa imeshika hewa vizuri inarudi yenyewe kwa nguvu. Ilikuwa inarudi polepole, kama mtu mwenye pumu. Anatikisa kichwa, ananirudishia. Akaniambia nitandike msasa juu ya kioo, niusugulie ule uso wa silinda mpaka ulale sawasawa juu ya kibao. Nikasugua siku tisa. Siku ya tisa akaivuta, akaiachia, ikagonga: tap. Akafanya tena. Tap. Akailaza kifuani, akalala nayo. Hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa tukamzika.

Kwa hiyo hakuisikia. Alisikia tap mbili.

Nakushauri kama kaka yako: kutuma pesa si kufika. Na wewe unajenga Gungu kwa simu, fundi anakutumia picha ya ukuta mmoja kila mwezi, unamwamini yeye kuliko mimi. Ungepiga simu usiku, hata mara moja, ungemsikia Baba akiniambia "nunua". Mimi ndiye niliyemgeuza ubavu, niliyemnawisha, niliyemsomea Yasini. Sisemi hivi ili unishukuru. Nasema kwa sababu Mjomba mpaka leo akinipa hela ya sukari ya Mama ananiangalia mara mbili, na neno lile ulilitoa wewe, hakuna mwingine anayeweza kulirudisha.

Najua pia ulikuwa umechoka. Ndege mbili, basi, ukafika kaburi limeshafukiwa. Nilikuona usiku ule umekaa peke yako kwenye banda umeshika kofia yake. Nilitaka kuja nikae nawe. Sikuja. Nilikuwa na hasira ya neno ambalo hata hukuwa umelisema bado.

Mashine iko kabatini kwa Mama, ndani ya kopo la biskuti, imepakwa grisi na kufungwa kwa kipande cha kanga. Ukija ukakuta nimesafiri, usiiwashe hivyo hivyo. Futa grisi kwa mafuta ya taa mpaka shaba ing'ae. Oili tone moja kwenye egemeo la silinda, tone moja kwenye pini ya kranki. Maji yajae robo tatu ya boila, na yakifika nusu uzime. Halafu kabla ya moto wowote, ziba tundu la mvuke kwa kidole gumba, ivute pistoni, uiachie.