Bure ya shuleni, bili ya nyumbani

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa kimya kwa miaka, ila taarifa yenu ya kuzisifu kampuni za gemu kwa "kuzipa shule hisabati ya bure" haimezeki.

Bure ya nani? Mwalimu hufungua akaunti ya darasa bila kulipa, hupewa msimbo, watoto huingia, na kwa kawaida darasani matangazo ya uanachama hayaonekani. Kisha kampuni humtengenezea barua ya wazazi, yenye jina na nywila ya kila mtoto, kazi ya mwalimu ni kuichapa tu na kuigawa. Soko liko huko nyumbani. Mtoto akishinda, sanduku la zawadi linafunguka nusu. Mavazi mazuri yana kufuli, na kila kufuli likiguswa linadai uanachama wa kulipia. Malalamiko yaliyopelekwa FTC, tume ya biashara ya Marekani, Februari 2021 kuhusu gemu ya hisabati ya Prodigy yalitaja dakika 19 za mchezo zilizokuwa na matangazo 16 ya uanachama na maswali 4 ya hisabati. Manne! Asiyelipiwa anatembea mavumbini, aliyelipiwa anapaa juu ya wingu, na wote ni wa darasa moja, wanaonana. Hesabu anayoijua mtoto hapo ni ya nani kwao wana pesa.

Na msiniambie shule iliridhia. Kwa sheria za Marekani shule inaweza kuridhia kwa niaba ya mzazi pale tu taarifa za mtoto zinapotumika kwa masomo, si kwa biashara. Edmodo, jukwaa la masomo la mtandaoni, ilitozwa faini ya dola milioni 6 mwaka 2023 kwa kutumia taarifa za wanafunzi kutangaza bidhaa, na mzigo wa kupata ridhaa ikawatwika walimu. Sasa yameingia mashindano ya gemu baina ya shule, jezi zina nembo ya kampuni kifuani. Hayo nayo mtayaita michezo.

Basi kabla ya kugawa nywila, mwalimu aingie kwa akaunti ya mwanafunzi, jioni, kwa kifaa kisicho cha shule. Acheze dakika 20 akiwa na karatasi ya safu mbili: matangazo, maswali. Safu ya kwanza ikizidi, barua isichapwe. Isipozidi, watoto wasajiliwe kwa namba badala ya majina, na nafasi ya barua pepe ya mzazi iachwe tupu. Kampuni ikinung'unika, iwalipe walimu kamisheni kama mawakala wengine.

Mwalimu wa hisabati