Gari lilitajwa hadi rangi, mlinzi akaitwa "Masai"

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mlinzi wa usiku katika nyumba moja huku Mbezi. Gazeti lako nalisoma kila siku, japo nalisoma kiporo: baba mwenye nyumba akilimaliza jioni hunipa, nami huenda nalo ukurasa kwa ukurasa mpaka adhana ya alfajiri. Kwa hiyo ile habari yenu ya wizi wiki iliyopita niliisoma yote, tena mara mbili. Mwenye nyumba mmemtaja jina. Jirani aliyesikia kishindo mmemtaja jina. Gari lililoibwa limetajwa aina yake, rangi yake na mwaka lilipotengenezwa. Aliyepasuliwa kichwa kwa nondo akililinda hilo gari ameandikwa "Masai".

Na mimi ni Mmasai. Nilitoka Simanjiro mwanzoni mwa 2022, baada ya ule ukame uliomaliza mifugo. Kwetu walibaki ng'ombe wanne. Nilishuka Dar es Salaam nikitafuta kibarua chochote, cheti cha kidato cha nne kikiwa mfukoni. Hakuna aliyekiuliza. Mama mmoja alinitazama shuka na masikio, akasema, "Masai? Anza leo usiku." Hakutaka hata kujua kama nimewahi kulinda kitu kisichokula majani.

Watu hudhani kumpima mtu kwa kabila lake ni pale anapotukanwa tu: huyu bahili, yule mshamba, wale wachawi. Sisi hatutukanwi, tunasifiwa. Masai haibi. Masai haogopi. Masai halali. Ukizisikia sifa hizo utadhani ni za kutupandisha, kumbe ndizo zinazotushusha bei. Kwa kuwa haogopi, apewe rungu na tochi alinde geti ambalo kampuni ya ulinzi ingeweka watu wawili na bunduki. Kwa kuwa halali, kibanda cha nini? Kwa kuwa amekulia porini, koti la mvua la nini? Na wageni wakija, wanauliza nimeua simba wangapi. Sijaua hata mmoja. Ningeua, hivi sasa ningekuwa gerezani, maana sheria ya wanyamapori haijui mila.

Nyumba niliyolinda kabla ya hii, walikuja watu watano usiku wa manane, mmoja ana bastola. Mwanangu alikuwa na miezi mitatu. Niliruka ukuta, nikaangukia kwa jirani, nikapiga yowe mpaka mtaa mzima ukawasha taa. Wakakimbia na mtungi wa gesi tu. Asubuhi nilitegemea pole. Bosi alinitazama kama mtu aliyeuziwa bidhaa feki dukani: "Masai gani wewe unakimbia?" Mtungi ukakatwa kwenye mshahara wangu wa laki na ishirini, mwisho wa mwezi nikaambiwa nitafute pengine. Angekimbia mlinzi mwingine yeyote wangesema ametumia akili.

Mlinzi wa nyumba ya tatu kutoka hapa, ambaye mtaa wote unamwita Masai, ni Mgogo wa Chamwino. Shuka alilinunua Kariakoo baada ya kunyimwa kazi mara mbili akiwa amevaa suruali. Kimasai anajua neno moja, "sopa", nalo nimemfundisha mimi. Bosi wake humwonyesha kwa wageni: "Hawa watu ulinzi uko kwenye damu."

Sitamtaja Sokoine hapa. Kila tukitetewa anatajwa yeye, kana kwamba mtu ili aitwe kwa jina lake lazima kwanza awe Waziri Mkuu mara mbili.

Wala sisemi kwamba mimi ni msafi. Mwenye duka ninaponunua vocha nilimwita "Mangi", jina la Wachaga, karibu miaka miwili, kama tunavyowaita wenye maduka wote. Siku moja kulikuwa na msiba kwao, akafunga duka wiki nzima. Aliporudi nikampa pole, nikamuuliza safari ya Moshi ilikuwaje. Akacheka kidogo. Alikuwa ametoka Makete kumzika mama yake, ni Mkinga. Nilikuwa nimekopa unga kwake mara ngapi sijui, na alikuwa ameniandika daftarini "Masai wa geti jeusi".

Ombi langu ni dogo. Mwandishi wenu akienda tena kwenye tukio kama lile, amuulize mlinzi anaitwa nani. Kama yuko hospitali, awaulize ndugu zake, au aulize walinzi wenzake wa mtaa ule. Tunafahamiana, na usiku kucha hatuna pa kwenda.

Jina langu nimeliandika nyuma ya karatasi hii, lakini naomba usilichapishe, kibarua bado nakihitaji. Najua utacheka. Weka lolote utakaloona linafaa, ila lisiwe lile.

Mlinzi wa usiku,
Mbezi, Dar es Salaam