Bei ya korosho ije kwa maandishi, si kwa picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Nina duka la steshenari Vigaeni, hapa Mtwara mjini. Natoa kopi, nalamineti vyeti, napiga picha za pasipoti. Nikishafunga duka mapenzi yangu ni mawili, kamera na kutengeneza tovuti, na mke wangu anasema vyote viwili vinakula umeme bila kuleta unga. Mtu wa namna hii ungetegemea aipigie debe picha. Leo naisema vibaya, walau picha ya aina moja: picha ya karatasi.

Msimu wa korosho ukianza, Oktoba hivi, kila mnada ukiisha bei husambaa. Siku hizi minada inaendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, bei zinaonekana kwenye skrini, na lile sanduku la barua za zabuni limebaki hadithi. Ni jambo jema. Lakini tazama bei hiyo inavyomfikia mkulima ambaye hakwenda mnadani. Namba iliyozaliwa ndani ya kompyuta inachapwa kwenye karatasi, karatasi inagongwa muhuri, inapigwa picha kwa simu juu ya meza, kivuli cha mpigaji kikiwemo. Picha inatupwa kwenye kundi la WhatsApp. Mtu anaipiga skrinishoti, anairusha kundi la pili, huko nako inarushwa la tatu. Ikifika Kitangari imeshakuwa ukungu. Ndipo mzee anaingia dukani kwangu na simu ya mjukuu wake: “Mwanangu, hebu nisomee hapa. Hii ni tatu au ni nane?”

Hilo la tatu na nane halitokani na macho ya uzee. Picha nyingi zinazorushwa kwenye simu zimehifadhiwa kwa mtindo wa JPEG, ambao kanuni zake zilipitishwa mwaka 1992. Mtindo huu huigawa picha katika vijiraba vya pikseli (nukta zinazounda picha) 8 kwa 8, kisha ndani ya kila kijiraba hutupa zile tofauti ndogondogo ambazo jicho halizioni. Kwa anga, kwa maji, kwa uso wa mtu, ni ufundi wa kustaajabisha. Huwa nakwenda Mikindani asubuhi wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa mbali, mitumbwi imelala ubavu na kina mama wameinama kwenye miamba wakitafuta pweza. Picha za pale nikizipunguza uzito mara kumi bado sioni kilichopotea. Herufi ni habari nyingine. Herufi ni weusi unaokatika ghafla penye weupe, na mkato huo mkali ndio JPEG inaoshindwa kuubeba. Kila ikibanwa upya, pembeni mwa herufi hutimka vumbi, matundu ya 8 yanaziba, midomo ya 3 inafumba. Nayo WhatsApp kwa kawaida huzibana picha ili zisafiri nyepesi.

Chukua shilingi 3,300, bei ambayo Serikali ilitangaza ilipoamua kununua korosho yenyewe mwaka 2018. Ikisomeka 3,800, tofauti ni shilingi 500 kwa kilo. Kwa tani moja ni laki tano. Watu wameshanuniana na viongozi wa chama chao cha ushirika kwa kiasi kidogo kuliko hicho, kabla hata hatujafika kwenye makato.

Upande wa tovuti tatizo linageuka: picha inasomeka, lakini haifunguki. Ipo ofisi ya umma, sitaitaja, ambayo matangazo yake yote ni karatasi zilizopigwa picha na kupandishwa zilivyo. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina uzito wa megabaiti 3 hivi, mara nyingine zaidi. Tangazo lenyewe likiandikwa lina herufi kama 1,500. Herufi moja ni baiti moja, kwa hiyo tangazo zima ni kilobaiti moja na nusu. Maana yake mkulima mwenye bando la kubahatisha anashushiwa uzito wa matangazo elfu mbili ili asome moja. Na akishalishusha hawezi kutafuta neno ndani yake wala kunakili namba. Kuna jirani yangu asiyeona, simu yake humsomea kila kilichoandikwa, kwa Kiswahili safi kabisa. Akifungua tangazo la namna hii simu humwambia neno moja tu: “Picha.”

Anayenufaika hapa ni kangomba. Kwa wasomaji wa mikoa mingine, hao ni wanunuzi wa vichochoroni, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Kangomba anakuja na fedha taslimu, anakuja jioni, tena bei ya mnada anaijua vizuri kuliko wewe. Anachohitaji ni wewe usiwe na uhakika nayo. Doria na vizuizi vya barabarani sina neno navyo, lakini namba inayosomeka nayo ni kizuizi, na haihitaji mafuta ya gari. Hili nalisemea pia ufuta na mbaazi za ndugu zetu wa Lindi, maana nazo zinauzwa kwa minada.

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa: picha ina muhuri na sahihi, maandishi yanaweza kughushiwa. Ndugu Mhariri, mimi ni mtu wa steshenari. Wapo wanaokuja dukani wakitaka niwabadilishie mwaka kwenye cheti chenye muhuri wa kweli, na ninapowafukuza hushangaa, kwani wanajua ni kazi ya dakika tano. Muhuri uliopigwa picha haulindi chochote. Mwenye simu anaweza kubadilisha tarakimu na kuuacha muhuri ulivyo, ukizidi kumpa heshima. Kinacholinda ni chanzo: pawe na mahali pamoja panapojulikana, ukurasa wa ofisi husika, ambapo yeyote mwenye shaka anakwenda kulinganisha. Hapo maandishi yakighushiwa yanaumbuka siku hiyohiyo.

Na si korosho tu. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotujia, tahadhari zilizunguka kama mabango ya rangi. Za jana zikarushwa pamoja na za leo, skrinishoti ikiwa imekata tarehe, na mtaani kwetu kulikuwa na ubishi kama upepo umeshapita au ndiyo kwanza unakuja. Mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga. Wiki moja baadaye, Mei 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom nazo zikakatika, intaneti ya nchi nzima ikawa ya kujikongoja. Siku zile kurasa za maandishi zilifunguka, kwa shida lakini zilifunguka. Kurasa za picha zilikuwa kiduara kinachozunguka.

Wanaodhani ukurasa wa maandishi ni umaskini wakumbuke kuwa tovuti ya kwanza duniani, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee pale kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, na kufunguliwa kwa umma mwaka 1991, haikuwa na picha hata moja. Ilirejeshwa hewani mwaka 2013. Kwa simu yangu hufunguka kabla sijanyanyua kidole.

Sasa niitetee picha kidogo, maana nisingependa jamaa zangu wa kamera wanione msaliti. Picha ina kazi yake. Kuta nyeupe za Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, hakuna aya itakayokuonyesha zinavyobadilika rangi jua likizama. Ukizipiga saa sita mchana zinatoka karatasi tupu. Ila picha bila maneno hupotea. Mfano tunao hapahapa kusini. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, zaidi ya tani 200, ilichimbwa Tendaguru na kubebwa na watu wetu kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa mijusi hao alisimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin mwaka 1937, kimo chake kinapita mita 13. Picha za kazi ile zipo hadi leo. Jina la Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, liliandikwa na tunalijua. Wengi wa wale waliopanga mstari na mizigo vichwani ni sura tu, na huenda wajukuu zao wanapita Lindi mjini kila siku bila kujua.

Gazeti lako nalo lina lake. Mikorosho huku huchanua kuanzia Juni, mabibo mekundu yanaanza kuonekana Septemba na Oktoba, na hapo ndipo uraka, pombe ya mabibo, nao unapoanza kunukia vijijini. Nikiona habari ya korosho ya mwezi wa nne imewekewa bibo limeiva, limening'inia na korosho yake, najua hiyo picha imetoka kabatini. Si kosa la jinai. Andikeni tu chini yake ilipigwa wapi, lini, na nani.

Ninachoomba kwa ofisi na vyama vya ushirika ni kidogo. Ile namba iliyoko kwenye kompyuta itoke kama ilivyo: tarehe ya mnada, jina la chama, daraja, bei ya juu, bei ya chini, tani zilizouzwa. Vyote hivyo vinaingia kwenye ujumbe mfupi mmoja wa herufi 160, unaosomeka hata kwenye kitochi. Mwenye hamu ya kuona muhuri awekewe picha pembeni, ipunguzwe upana kwanza. Binti yangu na mimi tumetengeneza ukurasa wa mfano, jedwali tupu lisilo na mapambo, haufiki kilobaiti 5, na kuujaza hauhitaji ufundi zaidi ya kujua kuchapa. Karani yeyote wa chama anayetaka kuuona apite dukani baada ya saa kumi jioni, siku yenye umeme. Simtozi, ila aje na bei za msimu uliopita zilizoandikwa, maana za picha sitazisoma.

Mwenye steshenari,
Vigaeni, Mtwara