Nyumba mbili, intaneti moja: tazameni njia kabla ya kununua vifaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie wasomaji wanaotaka kutumia intaneti moja katika nyumba mbili zilizo mbalimbali. Hapa Mtwara jambo hili ni la kila siku. Wazazi wako Ligula au Chikongola na wanalipia intaneti ya mwezi. Kijana wao amejenga pembezoni mwa mji, mita mia tatu au hata kilomita moja kutoka kwao, na huko waya wa kampuni haujafika. Lindi nako, ukitoka mjini kuelekea Mitwero, hali ni hiyo hiyo. Kulipa mara mbili si lazima, na kazi yenyewe inawezekana kabisa. Kinachoniumiza ni kuona watu wakinunua vifaa kwanza, halafu ndipo wanauliza kama vitafaa.

Mtu akienda dukani kuulizia “kifaa cha kuvuta waifai”, hupewa kidude cha kuchomeka ukutani au ruta, yaani kifaa cha kugawa intaneti, yenye antena nyingi. Vyote viwili havitatui tatizo. Waifai ni mazungumzo ya pande mbili. Hata ruta ikirusha kwa nguvu kiasi gani, simu nayo lazima ijibu, na simu ina nguvu kidogo na antena ndogo. Ndiyo maana vile vijiti vya waifai vinaonekana vimejaa lakini ukurasa haufunguki: simu inaisikia ruta, ruta haiisikii simu. Kile kidude cha ukutani, kwa kawaida, hupokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo kasi hupungua karibu nusu. Kimetengenezwa kwa ajili ya vyumba vya nyuma, si kwa mtaa wa pili.

Kinachotakiwa ni redio mbili za nje (vifaa vya kurusha na kupokea waifai, si redio za kusikiliza) zenye antena inayolenga upande mmoja, moja kila nyumba, zinazotazamana. Kwa umbali usiozidi kilomita moja, redio bapa za gigahezi 5 zenye antena ya dBi 13 hadi 16 (dBi hupima uwezo wa antena kulenga) zinatosha. Ukizidi hapo, au mji ukiwa na waifai nyingi, chukua zenye dishi dogo la dBi 23. Nunua mbili za aina moja na toleo moja.

Lakini kabla ya kununua, panda juu ya bati utazame njia. Mawimbi ya redio hayapiti kama uzi uliovutwa. Yanahitaji nafasi yenye umbo la yai refu kati ya antena mbili, ambayo mafundi huiita eneo la Fresnel. Kwa gigahezi 5.8, nafasi hiyo katikati ya safari ya mita 300 hufika karibu mita 2 kila upande wa mstari. Kwa kilomita moja ni mita 3.6. Angalau asilimia 60 yake iwe tupu, yaani mita 1.2 kwa safari fupi na mita 2.2 kwa kilomita moja. Kuiona nyumba ya pili kwa macho hakutoshi. Unaweza kuiona vizuri juu kidogo ya kilele cha mti, na bado mti huo ukala nusu ya mawimbi yako.

Kwa mikoa yetu adui mkubwa ni mkorosho. Majani yake ni mapana, mazito, na hayapukutiki yote kwa pamoja, kwa hiyo usisubiri msimu utakaokufungulia njia. Mkorosho mmoja mkubwa uliosimama katikati ya mstari unaweza kukata mawasiliano kabisa. Mbaya zaidi ni mtandao uliofungwa Septemba, majani yakiwa makavu, ukapita kwa kubahatisha. Mvua za Desemba zikianza, majani yanalowa na mtandao unakufa. Hapo watu husema mvua inaharibu intaneti. Kwa gigahezi 5 na umbali wa kilomita moja, mvua inayodondoka hewani haipunguzi kitu cha kuhesabu. Ni majani yaliyolowa, au maji yaliyoingia kwenye kichwa cha waya.

Mnazi una tabia nyingine. Makuti yake yakiyumba kwa upepo wa kusi, mtandao unapanda na kushuka kila sekunde. Ila minazi iliyokomaa huacha wazi upande wa chini. Wakati mwingine njia bora ni kupitisha mawimbi chini ya makuti, katikati ya mashina, badala ya kuhangaika kupanda juu ya minazi ya mita 20. Hakikisha tu hakuna shina lililosimama mita chache mbele ya antena, kwa sababu kizuizi kilicho karibu na antena huziba sehemu kubwa zaidi kuliko kilicho katikati.

Hesabu ya urefu ni rahisi. Tuseme ni kilomita moja, ardhi ni tambarare, na katikati kuna mkorosho wa mita 8. Mstari upite angalau mita 10.2 pale katikati, na uongeze mita moja au zaidi kwa sababu mti unakua. Urefu wa mstari katikati ni wastani wa ncha mbili: antena moja ikiwa mita 8 na nyingine mita 15, unapata 11.5, na hiyo inafaa. Si lazima nyumba zote mbili ziwe na mlingoti mrefu. Mti ukiwa karibu na nyumba moja, inua antena ya nyumba hiyo zaidi.

Njia ikikataa, usilazimishe. Zungumza na jirani mwenye nyumba mahali pa wazi, uweke redio mbili kwake, moja ikitazama kila upande, kila moja kwa chaneli yake, yaani masafa yake. Au tumia waya wa faiba, unaopitisha mwanga ndani ya nyuzi za kioo: waya wa nje wenye vichwa vilivyokwisha fungwa kiwandani na vibadilishi viwili vya kugeuza mwanga kuwa umeme wa mtandao, kimoja kila ncha. Faiba haijali mikorosho, na vioo vyake havibebi umeme wa radi, ila ule waya wa chuma wa kuishikilia uishie nje ya nyumba. Usiifunge kwenye nguzo za TANESCO bila ruhusa, na kuvuka barabara uliza kwanza mamlaka yake. Kuvuta waya wa kawaida wa mtandao kutoka nyumba hadi nyumba hakufai: mwisho wake ni mita 100, na radi ikipiga karibu inaunguza vifaa vya nyumba zote mbili.

Mlingoti uwe bomba la chuma la kuzuia kutu, inchi moja na nusu. Bomba la mita 6 ukifukia mita moja kwa zege unabaki na mita 5. Ukilifunga ukutani, weka vishikizo viwili vilivyoachana angalau sentimita 60, na juu ya hapo ulishikilie kwa waya tatu. Antena ikicheza, lawama huenda kwa kampuni ya intaneti bure. Kwa walio Shangani, Mikindani na pwani yote, chumvi ya bahari hula nati za kawaida upesi. Tafuta zisizoshika kutu na uzipake grisi.

Kuhusu waya, hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Dukani kuna waya unaoandikwa Cat6 ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza ncha yake kwa kisu: ukiona weupe, uache. Redio hizi hupata umeme kupitia waya huohuo wa mtandao, mara nyingi volti 24, na alumini ikiwa ndefu inapunguza volti hadi redio inajizima na kujiwasha, hasa inapofanya kazi nyingi. Chukua Cat5e ya shaba tupu, yenye ganda jeusi la nje. Ganda la kijivu la ndani hupasuka kwa jua. Rangi zipangwe sawa ncha zote: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kabla waya haujaingia ukutani, uache uning'inie chini ya tundu ili maji yadondokee nje. Silikoni yenye harufu ya siki usiipake kwenye viungo vya shaba, kwa sababu asidi yake huila.

Adapta ya umeme ina matundu mawili yanayofanana. Lililoandikwa POE liende kwenye redio, lililoandikwa LAN liende kwenye ruta. Ukigeuza, volti 24 zinaingia kwenye ruta na tundu lake linaweza kuungua palepale. Andika kwa kalamu ya rangi. Na kumbuka kila nyumba ina LUKU yake. Umeme ukiisha kwa wazazi, kwa kijana nako intaneti inakatika. Redio yenyewe hula chini ya wati 15, kwa hiyo betri ndogo ya akiba yenye toleo la volti 24 kwa redio, na jingine la volti ya ruta, inaishikilia pamoja na ruta kwa saa kadhaa.

Mipangilio ifanyike mezani, redio zote zikiwa chumba kimoja na nguvu ya kurusha ikiwa imepunguzwa. Anwani ya ruta ya wazazi kwenye mtandao ikiwa 192.168.1.1, redio ya kwanza ipe 192.168.1.2 na iwe mrushaji, ya pili 192.168.1.3 na iwe mpokeaji, zote katika hali ya daraja, yaani zipitishe mawasiliano tu bila kugawa anwani. Chagua Tanzania kwenye orodha ya nchi, upana wa chaneli megahezi 20 au 40, ulinzi wa nywila aina ya WPA2. Ruta ya nyumba ya pili ipe 192.168.1.4, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani kwa simu na kompyuta), na waya uingie kwenye tundu la LAN. DHCP ikibaki imewashwa, ruta mbili zitagawa anwani kwa pamoja, na baadhi ya simu zitapata intaneti huku nyingine zikikosa bila sababu inayoonekana. Kama hamtaki nyumba moja ione printa na kamera za nyingine, fanyeni kinyume: waya uingie tundu la WAN (la kupokelea intaneti), DHCP iwashwe, na ruta ya pili itumie 192.168.10.1.

Kulenga kunataka subira. Fungua ukurasa wa redio kwenye simu, geuza antena kidogo kidogo kushoto na kulia, subiri namba ya nguvu ya mawimbi itulie, kisha juu na chini. Antena huwa na vilele vidogo pembeni ya kile kikubwa, na mafundi wengi hufunga nati kwenye kilele kidogo. Endelea hadi namba ishuke pande zote, ndipo urudi penye juu zaidi. Namba hiyo huandikwa kwa dBm, na iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu: kati ya dBm -50 na -65 ni salama. Chini ya -75 usikubali, rudi kwenye njia.

Radi zetu ni kali. Funga mlingoti kwenye ethi (waya wa umeme unaoingia ardhini) ileile ya nyumba, na mawingu yakianza kunguruma chomoa adapta kwenye soketi na waya wa mtandao kwenye ruta. Kuzima swichi peke yake hakusaidii.

Haya yote nayasema kwa ajili ya familia. Anayetaka kuwauzia majirani anahitaji leseni ya TCRA, na hata kwa familia soma kwanza mkataba wa kampuni, kwa sababu mingine hairuhusu huduma itolewe nje ya nyumba iliyosajiliwa.

Usimlipe fundi salio kabla ya kupima. Ukiwa nyumba ya pili, kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya, tuma ping (ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa cha mbali kinajibu) kwenda 192.168.1.1 kwa dakika kumi, saa mbili usiku wakati watu wengi wako mtandaoni. Majibu yawe chini ya milisekunde 10 na yasipotee. Kisha tuma kwenda 8.8.8.8, anwani ya seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Ping ya kwanza ikiwa safi na ya pili ikasuasua, daraja lenu ni zima na wa kuulizwa ni kampuni. Ya kwanza ikisuasua, fundi apande tena juu.

Fundi wa mitandao,
Mikindani, Mtwara