Wito wa Harambee: Tuokoe Kumbukumbu za Kibra

Kwa wazee wetu, wana-Kibra popote mlipo, na marafiki wote wa mtaa huu,

Kamati ya kumbukumbu za mtaa inawaomba mchango wa shilingi 480,000 ili kuhifadhi hati, picha na masimulizi ya familia za Wanubi wa Kibra, ambao mababu zao walitoka Sudan wakiwa askari wa Waingereza na kutumikia jeshi la King's African Rifles. Waliostaafu waliruhusiwa kuishi na kulima katika msitu uliokuwa pembezoni mwa Nairobi, ambao ndio Kibra (Kibera) ya leo, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza ekari 4,197 kuwa eneo la jeshi. Ruhusa, hata hivyo, si umiliki. Tume ya Carter, iliyochunguza masuala ya ardhi mwanzoni mwa miaka ya 1930, iliwahesabu kuwa wapangaji wanaoweza kuondolewa, ingawa ilikiri kwamba serikali ina wajibu wa kuwatafutia makao mengine.

Baada ya uhuru, mashamba yao yalizidi kumegwa kujengewa mitaa mipya, huku vijana wa Kinubi wakipigwa msasa kabla ya kupewa vitambulisho, hali iliyofikishwa mbele ya kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto, ambayo mwaka 2011 iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto hao. Mwaka 2017 jamii ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Tulishukuru, ijapokuwa kila ajuaye hesabu aliona kilichobaki.

Watu walioulizwa karatasi maisha yao yote hawana hata kabati la kuziwekea. Mzee mmoja wa Makina, hapa Kibra, anaitunza hati ya babu yake katika sanduku la bati. Imekunjwa mara nne, na penye mikunjo wino umekwisha kufutika. Akina mama wanaozijua nyimbo za zamani za doluka, ngoma ya Kinubi, wanazidi kupungua, nasi hatujamrekodi hata mmoja.

Fedha zitanunua skana, vinasa sauti na makabati yasiyopitisha maji, na kuwalipa posho vijana wanaokisema Kinubi vizuri ili waandike masimulizi hayo. Tunafahamu kwamba zipo familia zinazoogopa kuitoa hati ya ardhi mikononi mwao, na kwa historia hii hatuwezi kuwalaumu. Kwa hiyo skana itapelekwa nyumbani kwao, na hati haitavuka kizingiti. Majirani Waluo, Waluhya, Wakamba na wengine waliohamia Kibra baadaye watarekodiwa pia, kwa kuwa mtaa huu ni wao vilevile.

Harambee itafanyika Makina, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala ya alasiri. Asiyeweza kufika atume mchango wake kwa mweka hazina, naye atapewa risiti. Mwenye picha ya zamani asiye na fedha aje na picha.